Usiku Tunamwita Kamba

Nyumba yetu ya Bwiru imeegemea jiwe.
Fundi alisema ukuta wa nyuma wa nini,
Mungu kashajenga upande mmoja,
tukaokoa tofali mia tatu na saruji mifuko sita.
Hakusema chini ya jiwe anaishi nani.

Mama mkwe ndiye aliyesema,
siku ya kwanza, sanduku langu bado limefungwa:
"Ukienda chooni usiku, gonga debe.
Kanyaga kwa kishindo, kama mtu anayekwenda kudai pesa yake.
Na giza likiingia jina lake usilitaje.
Hata *nzoka* usiseme,
anajua lugha zote mbili.
Sema kamba."

Basi miaka tisa nimesema kamba.
Kamba imepita kwenye mabanzi.
Kamba imelala juu ya tangi la maji.
Kamba imeacha koti lake mlangoni pa banda,
jepesi, la kioo, mpaka macho yamo.
Holo akalibeba shuleni ndani ya daftari la sayansi.
Mwalimu alipanda mezani.

Nimejifunza.
Swila hutema, hulenga jicho,
kwa hiyo mayai nakusanya nikiwa nimekunja uso.
Kifutu hampishi mtu njia,
hulala kwenye majani makavu kama deni la zamani,
unalikumbuka ukishalikanyaga.
Ukukwi wa mpera hana neno na mtu.
Na yule mwembamba wa kahawia, wa stoo,
yule alikuwa wa kwetu:
anakula panya, halipi kodi, hadai mshahara.

Sikudanganyi kwamba ni ndugu.
Mtoto wa Shoma aliumwa akiokota kuni,
wakambeba mbio hadi Bugando.
Alirudi anatembea. Vidole viwili havikurudi.

Ila yule wa stoo
aliuawa na Makoye, jirani,
aliyekuja kuazima pampu ya baiskeli.
Nilisikia jembe, mara tatu, kisha mara ya nne ya bure.
"Nimekuokoa, shemeji,"
jasho linamtoka, ananing'iniza kwenye fimbo
urefu usiozidi mshipi wa mtoto.
Nikamwekea chai. Nikasema asante.
Utamwambia nini mtu aliyekuulia mfanyakazi
akitegemea shukrani?

Mwezi haukuisha.
Panya walianza na mahindi, wakahamia kwenye dagaa,
wakapanda kabatini, wakala cheti changu cha ndoa,
kona moja tu,
kona yenye jina la mume,
aliyekwenda Geita kufuata dhahabu tangu mvua za mwaka juzi
na anayetuma salamu.
Mama yake alikishika cheti, akakisogeza dirishani,
akacheka mpaka akakohoa.
"Panya hawa," akasema, "wanajua kusoma."

Nyuma ya panya akaja swila.
Usiku, umeme umekatika,
kuku wamenyamaza kuliko kulala.
Nilimkuta kati ya gunia la mkaa na mkeka wa Holo,
amesimama, shingo ameitandaza,
mweusi kuliko mkaa wenyewe.
Debe lilikuwa nje.
Kibatari kilitetemeka, au mkono.

Sikupiga kelele. Sijui kwa nini.
Nilisema, "Kamba, pita."
Kwa sauti ya kumwambia mgeni kwamba ugali umeisha.
Mama mkwe, pole pole kama anayefunua sufuria,
akafungua mlango wa nyuma.
Huko chini ziwani taa za wavua dagaa
zilikuwa zimejipanga kama mji mwingine.
Akashusha shingo.
Akatoka.
Holo akageuka upande wa pili, akaendelea kukoroma.

Leo asubuhi, nyuma ya pipa la unga,
nimeokota koti dogo,
la kahawia, refu kama shibiri mbili.
Nimelirudisha nilipolikuta.
Sijamwambia mtu, hata Holo.

Pampu ya baiskeli nimeihamishia getini.
Makoye akija
aichukue hukohuko.